Damu inasoma TND (virusi havionekani), lakini nasikia virusi vya ubongoni na kwenye shahawa ni tofauti. Niamini kipimo?

"Shikamoo dokta. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, natumia ARV tangu 2017, nilianza na zile za zamani alafu nikahamishiwa TLD (kidonge cha tenofovir, lamivudine na dolutegravir). Kipimo cha wingi wa virusi kimetoka TND mara nne mfululizo. Mke wangu hana maambukizi na tunatamani mtoto wa pili. Sasa mdogo wangu anasoma mambo ya maabara chuoni, kaniambia virusi vya kwenye damu sio sawa na vya kwenye ubongo, kwenye shahawa na kwenye mitoki, vinasaba vyake vinatofautiana, kwa hiyo kipimo cha damu hakijui kinachoendelea kwingine. Tangu siku hiyo nimerudi kwenye kondomu na sina raha. Tena siku hizi nasahau sahau vitu, nimeanza kuwaza labda vimeshapanda kichwani. Je nidai nipimwe shahawa na maji ya uti wa mgongo? Na ina maana nina aina mbili za virusi?"

Marahaba kaka. Nimesoma swali lako mara mbili, na kinachonigusa zaidi ni pale uliposema umerudi kwenye kondomu na huna raha, yaani miaka yote hiyo umemeza dawa vizuri, umefika pale tunapotaka kila mtu afike, alafu sentensi moja ya darasani inakunyang'anya usingizi. Na mdogo wako usimkasirikie, alichosema kuhusu vinasaba ni kweli. Shida iko kwenye ile "kwa hiyo" yake. Kutoka kwenye "virusi vinatofautiana" mpaka "kipimo cha damu hakijui kitu" kuna hatua kadhaa karuka hapo katikati, ngoja tuzipitie pole pole.

Tuanze na kwanini vinatofautiana. VVU ana maelezo yake ya urithi yenye herufi kama 9,700 hivi, na kila akiingia kwenye seli inabidi anakili hayo maelezo yote upya kwa kutumia kimeng'enya chake mwenyewe, na hicho kimeng'enya hakina tabia ya kurudi nyuma kukagua kilichoandika. Kinakosea takriban herufi moja katika kila 30,000. Inaonekana kidogo, lakini mtu asiyetumia dawa mwili wake unatengeneza virusi kama bilioni 10 kwa siku, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ni makosa mangapi yanazaliwa kabla jua halijazama. Ongeza na hili, virusi wawili wenye makosa tofauti wakiingia seli moja wanaweza kuchanganya maandishi yao, nusu ya huyu nusu ya yule. Ndo maana mtu aliyeambukizwa na kirusi mmoja tu, na kwa wengi walioambukizwa kwa kujamiiana baina ya mwanaume na mwanamke inakuwa hivyo kweli, mmoja tu ndo anafanikiwa kuanzisha maambukizi, baada ya miaka michache bila dawa anakuwa na ukoo mkubwa ajabu ndani ya mwili wake.

Sasa huo ukoo unatawanyika. Fikiria Kiswahili chenyewe. Kimtang'ata cha huko Tanga, Kimvita cha Mombasa, Kiamu cha Lamu, Kitumbatu, zote ni lugha moja na asili moja, ila watu walikaa mbali wakawa hawakutani kila siku basi kila upande ukaota maneno yake. Wale wanaokutana sokoni kila asubuhi lugha yao inabaki moja. Mwilini ni hivyo hivyo. Mitoki (hizi tezi za limfu) na utumbo vinabadilishana seli na damu muda wote, ndo soko lenyewe, kwa hiyo mara nyingi virusi vya kwenye mitoki na vya kwenye damu ukivilinganisha unakuta vimechanganyika, huwezi kusema hiki cha huku na hiki cha kule. Ubongo ndo kisiwa. Una ukuta wake kati yake na damu, seli zinapita kwa uchache, na virusi vikishafika vinakutana na seli za aina nyingine kabisa, makrofaji na maikroglia, ambazo zina CD4 (ule mlango anaopitia kirusi) chache sana juu ya ngozi yake ukilinganisha na zile seli za damu. Kirusi aliyezoea mlango mpana inabidi ajifunze kupita mlango mwembamba. Baada ya muda anapatikana ukoo wa ubongoni ambao kweli ni tofauti, na jambo hili limeonekana hata kwa watoto wadogo kule Malawi waliozaliwa na maambukizi, baadhi yao maji ya uti wa mgongo yalikuwa na virusi vyake na damu ina vyake.

Jinsi tunavyojua ni hivi. Unachukua damu na maji ya uti wa mgongo ya mtu mmoja siku moja, unasoma vinasaba vya kirusi kimoja kimoja, alafu kompyuta inakuchorea mti wa ukoo, kila kirusi ni nukta mwishoni mwa tawi, nyekundu ya damu, bluu ya uti wa mgongo. Mara nyingi unaona nyekundu na bluu zimechanganyika matawi yote kama kanga ya rangi mbili. Lakini kuna watu unaona tawi zima bluu tupu, limejitenga, hakuna nyekundu hata moja ndani yake. Ukiuona mti wa namna hiyo huna haja ya kuelezwa sana, unaelewa kwamba hawa wa bluu wamekuwa wakizaliana wao kwa wao kwa muda mrefu bila kutoka.

Kwenye shahawa hali ni ya katikati. Kuna wanaume ambao virusi vyake kule vinafanana na vya damu, kuna ambao vinaonekana tofauti, na huo utofauti mara nyingi sio kwamba kuna kisiwa kama ubongo, ni kwamba seli chache zilizoambukizwa zilizo karibu na tezi dume au njia ya uzazi zimetoa vifaranga wengi wanaofanana kwa wakati mmoja, basi ukipima siku hiyo unakuta sura moja imejaa. Ukipima baadaye sura hiyo imepotea. Kwenye njia ya uzazi ya mwanamke na maziwa ya mama nako ni hivyo hivyo.

Hapo ndo nijibu lile la aina mbili. Hapana kaka, huna aina mbili. Watu wanachanganya vitu viwili. Kuna zile aina kubwa zinazopewa herufi, huku kwetu Afrika Mashariki utasikia A, C na D na mchanganyiko wake, hizo zimetengana tangu zamani sana. Unajua mojawapo ya ushahidi wa uzee wake ulitoka kwenye kipande cha mtoki? Mwaka 1960 kule Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, mwanamke mmoja alikatwa kipande cha tezi ya limfu kwa uchunguzi, kikahifadhiwa ndani ya nta. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 2008, watafiti wakatangaza wamesoma vinasaba vya VVU ndani ya kile kipande, wakakilinganisha na damu ya mwaka 1959 ya huko huko Kinshasa, vikakutwa vimeshatofautiana sana, maana yake ukoo huu ulikuwa umeshaanza kuenea kwa watu miongo kadhaa kabla, mwanzoni mwa karne ya 20. Huo ndo utofauti wa aina na aina. Utofauti wa damu yako na ubongo wako ni wa watoto wa nyumba moja.

Na sasa lile ambalo mdogo wako hakulifikia, nadhani hajafundishwa bado. Swali sio vinatofautiana au havitofautiani. Swali ni vinatofautiana WAPI kwenye hayo maandishi, na je vinazaliana?

Wapi. Sehemu kubwa ya utofauti wa tishu na tishu iko kwenye jeni la koti la nje, lile kirusi analotumia kushika seli, kwasababu ndilo linalopambana na kinga na ndilo linalobadilika kulingana na mlango wa seli. TLD haigusi koti. Tenofovir na lamivudine zinaziba kile kimeng'enya cha kunakili, dolutegravir inaziba kile cha kujipachika ndani ya vinasaba vya seli. Kwa hiyo kirusi anaweza kuvaa koti la ubongoni au koti la kwenye shahawa, dawa inamkamata sehemu ile ile. Kitakachokuumiza ni usugu wa dawa, na usugu unahitaji kirusi azaliane huku dawa ipo kidogo, haitoshi.

Je vinazaliana? Ukiwa unameza dawa kila siku, uzaliano unasimama. Kinachobaki ni seli zilizolala, nyingi ni seli za kinga za CD4 zenye kumbukumbu, zina maandishi ya kirusi ndani ya vinasaba vyake lakini kimya. Hizi zinapungua taratibu mno, inachukua kama miezi 44 ziwe nusu, ndo sababu hatuwezi kukuambia meza miaka kumi uache. Na seli hizi haziko kwenye damu sana, damu inabeba asilimia 2 hivi tu ya limfosaiti (seli nyeupe za kinga) zote za mwili, nyingine ziko kwenye mitoki, utumbo, wengu. Kule San Diego Marekani kuna watu wenye VVU waliokuwa wanakaribia kufa kwa magonjwa mengine, wakakubali kwa hiari yao miili yao ichunguzwe haraka baada ya kufariki, mradi unaitwa Last Gift, na mimi huwa nawaheshimu sana watu wale. Maandishi ya VVU yalikutwa kwenye tishu za mwili mzima, mpaka zile ambazo mtu asingefikiria. Kwa wale walioacha dawa siku za mwisho, virusi vilivyorudi kwenye damu vilitoka sehemu nyingi. Ukitaka kujua kwanini tunapiga kelele usiruke dozi, sababu ndo hiyo, hakuna kona moja ya kuilinda.

Nikuambie pia palipo na ubishi, maana ukiendelea kusoma utakutana nao. Mwaka 2016 utafiti mmoja wa wagonjwa 3 ulisema virusi vinaendelea kuzaliana kwenye mitoki hata damu ikiwa safi. Ulisikika sana, na bado unanukuliwa. Wengine wakachukua takwimu zile zile wakazichambua upya wakaona hazithibitishi hivyo, na ukisoma vinasaba vya watu waliokaa kwenye dawa miaka mingi unakuta vinafanana na vile vya siku walipoanza dawa, havijasogea. Kirusi anayezaliana lazima abadilike, tumeshaona kimeng'enya chake kinavyokosea. Asiyebadilika kwa miaka hajazaliana. Baadhi ya seli zenye maandishi zenyewe zinajigawa na kuongezeka, lakini hapo seli ndo inazaa seli, sio kirusi anazaa kirusi, na dawa haizuii hilo. Mimi naegemea upande huo na wataalamu wengi wako upande huo.

Tuje kwenye shahawa na mkeo, maana hapo ndo roho yako ilipo. Ni kweli, ukiwapima wanaume wenye damu safi, wachache utakuta alama kidogo za virusi kwenye shahawa siku moja moja. Mdogo wako akisoma zaidi atakuletea na hiyo. Lakini hili halikuachwa kwenye kukisia, watu walifuatiliwa. Utafiti wa HPTN 052 ulichukua jozi 1,763 za wenza, mmoja ana VVU mwingine hana, kwenye nchi 9, Kisumu ikiwemo. Matokeo ya mwisho yalionyesha kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenza kwa asilimia 93, na waliokuwa wamefubaza virusi kwa uthabiti hawakumwambukiza mwenza hata mmoja. Wenza 8 walioambukizwa baada ya mwenzie kuanza dawa, nusu yao yule mwenye VVU alikuwa ndo kwanza ameanza virusi havijashuka, na nusu dawa zilikuwa zimeshindwa. Alafu ukaja PARTNER kule Ulaya, jozi 888 za wenza wanaoshiriki bila kondomu, kama mara 58,000, maambukizi kutoka kwa mwenza sifuri.

Na hapa kuna kitu naomba umwonyeshe mdogo wako. Kwenye PARTNER watu 11 waliambukizwa kweli. Wangejuaje sio kwa mwenza? Walisoma vinasaba. Virusi vya aliyeambukizwa vikawekwa kwenye mti mmoja na vya mwenza wake wa nyumbani, na wote 11 walikutwa wako matawi ya mbali kabisa, yaani waliambukizwa na mtu mwingine. Utofauti ule ule wa vinasaba uliokutia hofu ndo ulitoa ushahidi kwamba mtu kama wewe haambukizi. Na hao wanaume wote walikuwa na shahawa, ubongo na mitoki kama yako, waliofuatiliwa ni watu wazima wazima, sio tone la damu. Isitoshe tenofovir na lamivudine zinaingia kwenye shahawa vizuri sana, kuliko hata zilivyo kwenye damu.

Kwa hiyo kupima shahawa, hapana, usidai. Kipimo kile sio cha kawaida kliniki, na kikitoka na alama kidogo hakitabadilisha chochote zaidi ya kukuongezea mawazo. Kuhusu mtoto, ukiwa na zaidi ya miezi 6 ya virusi kutoonekana na humezi kwa kuruka, mnaweza kutafuta mtoto kwa njia ya kawaida bila kondomu. Mimi ningetaka kwanza kipimo kipya cha wingi kama cha mwisho kimepita mwaka, nyote wawili mpimwe magonjwa mengine ya zinaa, kaswende na kisonono, kwasababu hizo zina madhara yake kwa ujauzito na TLD haizitibu. Mkeo kama bado ana hofu anaweza kupewa PrEP (dawa za kumkinga asiye na VVU) kipindi hicho, sio kwamba lazima, ni kwa utulivu wake, na uamuzi huo ni wake. Akipata ujauzito apimwe kama wajawazito wote. Lile la maziwa usichanganye, mkeo hana maambukizi, atanyonyesha tu. Kwa mama mwenye VVU hatusemi sifuri kwenye kunyonyesha, tunasema hatari inakuwa chini sana akiwa anameza dawa vizuri, ni hesabu nyingine.

Sasa kichwa. Hili silipuuzi, kwasababu ubongo ndo sehemu pekee ambapo maneno ya mdogo wako yana uzito kliniki. Kuna hali ambayo damu ni safi au karibu safi lakini maji ya uti wa mgongo yana virusi vinavyozaliana, na vingine vina usugu ambao kwenye damu haupo. Ipo, imeandikwa sana, ripoti nyingi zimetoka India, na wengi wao walikuwa kwenye dawa za mstari wa pili, atazanavir yenye ritonavir, wengi wakiwa na historia ndefu ya kushindwa dawa au kuruka ruka. Wanakuja na dalili: kuchanganyikiwa, mikono kutetemeka, kuyumba wakitembea, kichwa kuuma kusikoisha, degedege, tabia kubadilika mpaka ndugu wanashangaa. Ni nadra. Na wewe uko kwenye dolutegravir ambayo inafika kwenye maji ya uti wa mgongo kwa kiwango cha kutosha, hujawahi kushindwa dawa kwa ulivyoeleza, TND nne. Uwezekano wako ni mdogo sana.

Lakini kusahau sahau kuna sababu nyingine nyingi za mtu wa 41, na naomba uzitaje zote ukienda. Unalala saa ngapi? Dolutegravir inawakosesha wengine usingizi, kuihamishia asubuhi tu kunasaidia. Hofu hii yenyewe uliyonayo inakula akili, sonona ipo na inatibika. Pombe, presha, sukari, tezi ya shingo, upungufu wa damu, kaswende ya zamani ambayo haikutibiwa. Kwenye CTC yako (kliniki ya VVU) usiseme tu "niko salama" kama tunavyozoea, kaa chini mwambie muuguzi: nasahau, nimeanza mwezi fulani, mke wangu ameona au hajaona. Swali la mkeo ni la muhimu kuliko unavyodhani, mtu anayesahau kwa mawazo mara nyingi analalamika yeye, mwenye tatizo la ubongo mara nyingi wanaolalamika ni wa nyumbani. Daktari atakupima kumbukumbu, atakutazama unavyotembea na kushika vitu, ataagiza vipimo vya damu. Kuchomwa mgongo kunakuja pale akiona dalili za kweli za neva, na hapo usikatae, watu wengi wanaogopa sindano ile wanasema inalemaza, haiko hivyo, baadhi wanaumwa kichwa siku chache basi.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona homa na kichwa kinachouma vibaya na shingo kukakamaa, degedege, upande mmoja wa mwili kulegea, kuona mawili, au watu wakikuambia unaongea vitu visivyoeleweka. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na waambie unatumia ARV, kwasababu mbali na VVU mwenyewe kuna homa ya uti wa mgongo ya TB na fangasi ya ubongo ambazo kila saa ina maana.

Siku ukienda nenda na mkeo. Muwaombe wawatolee majibu yako yote ya tangu 2017 muyaone pamoja kwa tarehe, naye aulize anachotaka bila wewe kumjibia. Na hizo dawa, kama jana ulimeza saa tatu usiku na leo meza saa tatu.